Kulwa na Doto wa chumba cha seva

Najua mmeshasikia yaliyonipata juzi usiku ofisini. Jamaa yangu ameirusha kwenye magrupu matatu, na kwa simulizi yake msuli niliovaa ulidondoka. Msuli haukudondoka. Ulilegea. Mlinzi ni shahidi.

Kilichoniponza ni usharobaro. Ile mashine ya Linux inayogawa intaneti ofisini ina kadi mbili za mtandao: ya kwenye ubao inaitwa enp0s31f6, ya kuchomeka enp3s0. Mnaona wenyewe, kama namba za chasisi. (Wajuaji tulieni: najua p3 ni basi la PCI namba 3, yaani njia ya data ndani ya mashine, s0 ni nafasi yake, na systemd, programu inayosimamia Linux, ilileta utaratibu huo mwaka 2013 ili watu kama mimi tusiumbuke.) Mimi nilitaka majina ya enzi zetu, eth0 na eth1. Juzi usiku nikaingia kwa SSH (kuiongoza mashine kwa mbali) kutoka nyumbani, nikaweka net.ifnames=0, amri ya kurudisha majina ya zamani, kwenye GRUB, programu inayoiwasha Linux, nikapanga eth0 iwe ya nje, upande wa intaneti, eth1 ya ndani, upande wa ofisi. Nikaiwasha upya. Ikarudi safi! Nikamtumia jamaa picha ya skrini na maneno ya kejeli. Kisha nikaiwasha upya tena, kwa kunogewa tu.

Kimya.

Saa tano usiku, bodaboda, msuli vilevile nilivyokuwa nyumbani. Na mlinzi wa zamu hanijui.

"Shikamoo mzee. Mimi fundi mtandao."

"Marahaba. Fundi gani anakuja kazini na msuli?"

Akampigia jamaa, akaweka spika. Jamaa akanyamaza kidogo, halafu: "Simfahamu huyo, mzee. Mshikilie." Mtakaokutana naye, mfikishieni salamu zangu.

Jamaa alipomaliza kucheka nikaruhusiwa kuingia, mzee nyuma yangu na rungu lake.

Nikaangalia: kadi zimebadilishana majina. Nikapiga magoti chini ya meza, nikachomoa nyaya mbili, nikazigeuza. Intaneti ikarudi, na simu ya mzee ikaendelea na mpira wake. Nikasimama, nikajikung'uta vumbi, nikasema kwa sauti ya daktari bingwa: "Imekwisha." Na ili ashuhudie mwenyewe, nikaiwasha upya.

Taa zikazima. Feni zikanyamaza, zikavuma tena. Mzee macho kwenye simu, mimi macho kwa mzee. Dakika nzima.

"Fundi. Mbona kiduara kinazunguka tu?"

Nikarudi chini ya meza haraka kuliko msuli ulivyotarajia. Hapo ndipo ulipolegea. Mkono mmoja umeshika msuli, mwingine waya, tochi ya simu naing'ata, nasoma skrini kwa pembeni: zimebadilishana tena.

Ikabidi nimweleze mzee nikiwa huko huko chini. Kila kadi ina kiendeshi chake, yaani programu ya kuiendesha, na mashine ikiwaka viendeshi vinapakiwa kwa pamoja. Inayowahi ndiyo eth0.

Akafikiri. "Kwa hiyo kila asubuhi, mtoto anayewahi kuamka ndiye Kulwa?"

"Ndiyo mzee."

"Na aliyeamua hivyo ni wewe?"

"...Ndiyo mzee."

"Mimi nina mapacha, kijana. Kulwa ni aliyetangulia kuzaliwa. Hata akilala mpaka adhuhuri, ni Kulwa."

Sikuwa na jibu. Nikafuta net.ifnames=0, nikaandika mafaili mawili ya .link, ya kuzipa kadi majina, ndani ya /etc/systemd/network, kila moja likiishika kadi yake kwa anwani ya MAC, namba ambayo kadi inatoka nayo kiwandani, nikarekebisha mipangilio, nikaiwasha upya mara nne, saa nane nikawa kitandani. Kadi ya nje sasa inaitwa kulwa, ya ndani doto. Bosi ameuliza kwa nini, na jamaa amejitolea kumweleza.

Leo asubuhi nimempa mzee shikamoo pale getini. Akaitikia, akaniangalia kiunoni.

"Afadhali. Leo umevaa mkanda."