Choo Kimeahidiwa, Ila Hakidaiwi

Jumapili mtu mzima mwenye biashara yake ana haki ya kulala mpaka jua limpate kupitia tundu la bati. Mimi nimetoka uani saa kumi na mbili na nusu, mswaki mdomoni, ndoo mkononi, nakuta karatasi nne zimebandikwa kwenye mlango wa choo. Zimebandikwa kwa ugali. Gundi dukani ipo, lakini mwenye nyumba wetu anabana matumizi mpaka kwenye kubandika. Mende wakija usiku kula sheria, shauri yao. Juu kabisa, kwa herufi kubwa: KATIBA YA NYUMBA.

Ieleweke kwamba mimi si mtu wa vurugu. Ni mfanyabiashara wa mavazi, tawi la miguuni. Wako wanaosema "yule muuza soksi", sawa, waseme, lakini Kariakoo nzima nina wateja mpaka maofisa wa tai. Ila siku hiyo nilikuwa tayari nimeguswa. Zamu ya kununua luku ilikuwa yangu, nimetuma elfu tatu ya mwisho, na kabla hata ya uniti kuhesabiwa wamekata kodi ya jengo. Ndivyo ilivyo tangu 2021: jengo la mtu mwingine, kodi kwenye umeme, na umeme nanunua mimi. Nikajiambia basi, balaa la leo limeshapita. Kumbe lilikuwa linanisubiri chooni.

Nikasoma. "Sehemu ya Kwanza: Malengo Muhimu na Misingi ya Mwelekeo wa Shughuli za Nyumba." Chini yake: "Lengo kuu la mwenye nyumba litakuwa ni ustawi wa wapangaji." Wallahi nilitoa mswaki mdomoni kwa heshima. Mwenye nyumba atahakikisha maji yanapatikana. Mwenye nyumba atahakikisha paa halivuji. Mwenye nyumba ataelekeza mapato ya kodi kwenye jitihada ya kuondosha giza, harufu na mbu. Nyumba hii ina vyumba sita, bomba moja, choo kimoja chenye mlango usiofika chini, na hapo nikaona maisha mapya yanakuja Manzese.

Saa mbili akaja mwenyewe. Kanzu nyeupe, kofia ya kufuma, na nyuma yake kijana mwembamba wa miwani kabeba kiti cha plastiki. Kijana huyo ni mtoto wa dada yake, anasoma sheria mwaka wa pili, na ndiye aliyeandika. Tukaitwa wote uani. Mama Zai akaacha karai la vitumbua na upawa mkononi. Yule wa bodaboda akaja na shuka. Msomi, mpangaji wa chumba cha mwisho, mwenye digrii na bahasha ya vyeti inayolala chini ya godoro, akaja amevaa shati la usaili, maana kwake mkutano wowote unaweza kuzaa ajira.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Mmesoma?"

Mama Zai akasema amesoma, amefurahi, sasa fundi wa choo anakuja lini.

Mzee akamtazama mpwa wake. Kijana akakohoa kidogo, akanyoosha kidole kwenye karatasi ya pili, mstari wa mwisho, ule ambao mvuke wa bafu ulikuwa umeshaanza kuukunja: "Masharti ya Sehemu hii hayatatiliwa nguvu na mpangaji yeyote, wala balozi wa nyumba kumi, wala ofisi ya serikali ya mtaa."

Kimya. Hata karai la vitumbua lilinyamaza.

"Maana yake?" akauliza Mama Zai.

"Maana yake, mama, haya ni malengo. Yanamwongoza mzee. Si ya kumdai."

"Kwa hiyo choo kimeahidiwa au hakijaahidiwa?"

"Kimeahidiwa, ila hakidaiwi."

"Kama mchumba," akasema bodaboda, akajifunika shuka vizuri.

Hapo nikaona nisimame kama mwanamume. Nikasema kijana, usituchezee, mimi sijasoma sana lakini najua hakuna katiba ya hivyo duniani, unamwandikia mtu utamu ukurasa mzima halafu unamfungia jikoni. Yule mtoto wala hakubisha. Akatoa kitabu mfukoni, kile chenyewe, Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, kimechoka pembeni kama daftari la madeni. Akafungua Sura ya Kwanza, Sehemu ya Pili. Ibara ya 8: mamlaka yote ya Serikali yanatoka kwa wananchi, na lengo kuu la Serikali ni ustawi wa wananchi. Ibara ya 9: utajiri wa Taifa uelekezwe kwenye kuondosha umaskini, ujinga na maradhi. Ibara ya 11: kazi, elimu, na msaada wa jamii wakati wa uzee, maradhi na kutojiweza. Nikasema umeona! Akasema subiri, baba, akarudi nyuma ukurasa mmoja, ibara ya 7, ibara ndogo ya pili, akaniwekea kidole. Imeandikwa kwamba Sehemu hiyo haitatiliwa nguvu ya kisheria na Mahakama yoyote.

Nikasoma mara mbili. Nikageuza kitabu kuona kama nyuma kuna marekebisho.

Mzee akatabasamu kama mtu aliyekutwa na risiti. "Nimewapeni kile kile mlichonacho," akasema. "Mnataka mwenye nyumba awe bora kuliko nchi?"

Msomi alikuwa anasubiri nafasi hiyo tangu amalize chuo. Akasimama, akavuta shati. Akaeleza kwamba mtindo huu si wa kwetu peke yetu. Ireland waliuandika mwaka 1937, India wakauchukua kwenye katiba yao ya 1950, nao wakasema hivyo hivyo, kwamba mahakama isiingie. Sababu, akasema, ni kwamba nchi inaweza kukosa fedha. Jaji akiamuru kila kijiji kipate zahanati kesho asubuhi, hela atatoa yeye? Kwa hiyo unaandika mwelekeo, serikali inatembea kuelekea huko.

"Inatembea," akasema Mama Zai.

"Inaelekea, mama."

"Na mimi tangu mwaka juzi naelekea chooni."

Msomi akajitahidi. Akasema Kenya mwaka 2010 wao wamefanya tofauti, ibara yao ya 43 imeandika makazi, afya, chakula, maji safi ya kutosha, na imekaa kwenye haki zenyewe, mtu anaweza kwenda nayo mahakamani. Bodaboda akauliza swali moja tu: na maji yanatoka? Msomi akasema huo ni mjadala mpana. Bodaboda akasema basi wenzetu wana kiu na wakili, sisi tuna kiu tu.

Katikati ya hayo ndipo mimi nikagundua jambo. Katiba ya nyumba ilikuwa na namba. Saba, nane, tisa, halafu kumi na moja. Nikauliza, mzee, kumi iko wapi? Kijana akajibu yeye: "Imefutwa." Mstari upo, tena kwa mabano: imefutwa. Jamani, hofu iliyoingia pale uani! Mama Zai akashika kifua, akasema kumi ndiyo ilikuwa ya choo, naapa. Bodaboda akasema ilikuwa ya kupunguza kodi. Mke wangu, ambaye alikuwa ndani na hakuhusika, akapaza sauti dirishani kwamba ilikuwa ya kuhamisha mabanda ya kuku. Ilichukua robo saa Msomi kututuliza: kumi haipo hata kwenye kitabu kikubwa, ilikuwa inahusu Chama, ikafutwa mwaka 1992 vyama vingi vilipokuja. Kijana aliiga mpaka shimo. Ukweli ni kwamba hatukuamini. Mpaka leo Mama Zai akiona jambo limeharibika anasema, "Hilo lilikuwa kwenye kumi."

Nani kasema ibara ya 9 inakataza mali kulimbikizwa kwa watu wachache? Simtaji, lakini alikuwa na upawa. Mzee ana nyumba tatu hapa Manzese na ya nne anajenga Kibaha, ambayo kwa hesabu ya kodi zetu imeshafika lenta. Akajibu bila kuinua sauti kwamba ibara hiyo iko kwenye Sehemu isiyotiliwa nguvu. Sasa ndugu msomaji, mtu mwenye kitabu cha namna hiyo unamshika wapi?

Halafu tukafika karatasi ya nne. Sehemu ya Pili: Wajibu wa Wapangaji. Kodi ya miezi sita kwa mkupuo, mwisho Ijumaa. Mgeni asizidi siku tatu. Nguo zisifuliwe Jumapili. Na mwisho kabisa: "Sehemu hii itatiliwa nguvu siku hiyo hiyo." Kijana alitaka kueleza kwa vyombo gani, lakini mzee alishatoa kufuli kwenye mfuko wa kanzu, jipya, bado lina kikaratasi cha bei.

Msomi akapendekeza tupige kura ya maoni. Mzee akasema vizuri, tutapanga tarehe. Msomi akakaa chini taratibu, maana anakumbuka. Ile Katiba Pendekezwa ya 2014, iliyokusudiwa kuchukua nafasi ya hii ya 1977, nayo kura yake ya maoni ilipangiwa tarehe 30 Aprili 2015, na tarehe ikapita kama daladala iliyojaa, kondakta kageuza uso.

Mimi ningecheka. Kweli ningecheka, na nilianza. Lakini ile ibara ya 11 ilinikaa kooni. Mama yangu yuko Kilosa. Uzee anao, sabini na tano. Maradhi anayo, presha na magoti. Kutojiweza anako, bafuni anashikwa mkono. Vigezo vyote katimiza, hata kama wangeweka usaili angepita wa kwanza. Mwezi uliopita ameandikiwa dawa tano, akapewa mbili, tatu akaambiwa atafute nje. Nje ndiyo wapi? Nje ni mimi. Jamii iliyotajwa kwenye ibara ya 11 ni mimi na pea mia mbili za soksi, na zile tatu za dawa zilikula pea arobaini, na bado dada yangu ananipigia kuuliza kama nimesahau kwetu. Sijasahau kwetu! Nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa uani kwa mtu, naambiwa ustawi wangu ni mwelekeo, na kodi ya miezi sita siyo mwelekeo, ni Ijumaa!

Samahani. Tuendelee.

Kitu kimoja Msomi alinipa nikaondoka nacho. Ibara ya 9 hiyo hiyo inasema kila mwenye uwezo afanye kazi, na kazi maana yake ni shughuli yoyote ya halali inayompatia mtu riziki yake. Shughuli yoyote! Soksi zimo. Na ibara ya 25, ambayo haimo kwenye Sehemu ile ya mwelekeo, inasema kazi ni kipimo cha utu. Jumatatu nikaamka na utu wangu saa kumi na moja alfajiri, nikapanga bidhaa kwenye kona yangu, kifua mbele. Tangu walipotuondoa barabarani Oktoba 2021 sijawahi kupanga soksi kwa kujiamini namna ile. Saa nne akaja mgambo.

"Toa hivi vitu."

"Afande, mimi niko ibara ya 9."

"Na mimi niko zamu."

Nikakusanya. Nilihamia pembeni ya duka la vyombo, kwa hisani ya mhindi mmoja mzee ambaye ananidai soksi za bure kila Ijumaa. Akaja mteja, kijana wa benki, akavuta soksi huku na huku kama anapima mpira wa manati. Akauliza zitadumu? Nikaangalia kule kwenye kisigino, nikaona uzi ulivyo. Nikamwambia, "Bosi, lengo langu kuu ni zidumu."

Akanunua pea tatu. Sijui kwa nini nilijisikia vibaya, maana hela ilikuwa nzuri na nauli ya kurudi ilipatikana, ingawa nauli yenyewe nayo kondakta alikataa kurudisha chenji ya mia mbili akasema atanipa mbele, na mbele nikashuka yeye yuko mlango wa pili.

Choo? Fundi alikuja Jumatano. Alikuja kuangalia. Akasema tatizo ni shimo, limejaa, linataka gari, na gari haliwezi kuingia kwa sababu uchochoro umezibwa na kibanda, na kibanda ni cha mwenye nyumba, anakipangisha kwa muuza chipsi. Zile karatasi bado ziko mlangoni. Mende wameshakula ibara ya 8 yote na robo ya 9, karatasi ya wajibu hawajaigusa, Mama Zai anasema ile ilibandikwa kwa gundi. Nilitaka nihakikishe kwa kucha, lakini usiku huu maji yametoka bila taarifa, nasikia ndoo zinagongana, na ndoo yangu ya kwanza mtu ameshaisogeza nyuma ya ya bodaboda, ambaye hata hayupo!