Wajir, maslaha na ile hesabu ya 100 kwa 50

Kila maslaha, yaani wazee wa koo kusuluhisha kesi kwa fidia, ikitajwa kule kaskazini mashariki mwa Kenya, watu wa haki za binadamu wanakuja juu, na mimi siwalaumu, maana mtu ameuawa au binti amebakwa halafu wazee wanakaa wanahesabu ngamia, kesi imekwisha. Lakini wakifika mahali pa kusema hizi kamati za amani za mashinani zote ni za kuuza haki, hapo naomba tusimame kidogo, wameanza hadithi katikati.

Rudi Wajir, huko huko kaskazini mashariki, 1993. Koo za Kisomali za Waajuran, Wadegodia na Waogaden zinauana, ukame nao umemaliza mifugo, na watu hawajasahau vile wanajeshi waliua watu uwanja wa ndege wa Wagalla, Februari 1984. Ungekimbilia askari gani? Akina mama, Dekha Ibrahim Abdi akiwa mmoja wao, wakaanzia sokoni. Ilifika mahali mama wa ukoo huu hauzi wala hanunui kwa ukoo ule. Wakakubaliana soko ni la wote, wakaweka wamama wa kuangalia nani amezuiwa, na kukitokea ugomvi wanaenda kuumaliza mapema kabla haujafika kwa vijana wenye bunduki. Baadaye ndio wazee wakaingia, likatoka azimio la Al Fatah, makubaliano yao ya amani, na 1995 juhudi hizo zikawa kamati rasmi chini ya serikali ya wilaya. Mfano huo ukasambaa sehemu nyingi za Kenya.

Sasa mama kuuza maziwa yake bila kufukuzwa, mtoto kwenda kisimani akarudi mzima, hiyo si haki ya binadamu? Na huyo shahidi mnayemtaka kortini atafikaje kama hata soko limemshinda?

Ni kweli wanaopinga wana hoja nzito. Katiba kifungu cha 159 inakubali usuluhishi wa kimila ila usivunje haki za msingi, na bado 2013 Mahakama Kuu Nairobi ilikubali kesi ya mauaji ifutwe kwa sababu familia zimepatana kwa mifugo. Mwenye uwezo wa kulipa ataogopa nini?

Lakini mimi kinachonikaa rohoni ni azimio la Modogashe la 2001, makubaliano mengine ya amani ya kule kaskazini. Fidia ya mwanaume mifugo 100, ya mwanamke 50. Hebu ifikirie hiyo 50. Miaka minane tu baada ya wanawake kusimama katikati ya koo zinazopigana wakafungua soko, inakuja karatasi ya amani inasema uhai wao ni nusu. Na hata hiyo nusu inaenda kwa ukoo, watoto aliowaacha marehemu wanaweza wasione hata mbuzi. Hii hesabu haikutoka sokoni jamani, imetoka kwenye vikao vya wazee na maafisa wa serikali, walioikuta amani imeshaanza kutembea.

Kwa hiyo mkizipiga vita kamati zote mnawapiga na wale wamama. Ubakaji utolewe kabisa mikononi mwa wazee, sheria ya makosa ya kingono ya 2006 haikumpa mzee yeyote ruhusa ya kuufuta. Mauaji, fidia ilipwe ili koo zisilipizane na kesi iendelee hivyo hivyo. Na kikao kikikaa kupanga fidia, wamama wa soko wawe ndani na sauti ya kukataa, sio kuitwa mwishoni kupiga picha.