Anayeandika hadithi akiongea peke yake mwacheni

Kuna dada mmoja huku Chikongola, Mtwara, anaandika simulizi, zile za sehemu ya kwanza sehemu ya pili zinazorushwa WhatsApp, na mtaa mzima unajua akikaa kubangua korosho anaanza kuongea peke yake. Haongei mambo yake jamani, anaongea maneno ya wahusika wake. Korosho keshazikaanga kwenye bati mpaka zikawaka moto, kazimwaga mchangani zikazima, kapaka majivu vidoleni yale mafuta ya ganda yasimuunguze, halafu anagonga moja moja na huku mdomoni mume anamjibu mke, mke anapandisha sauti, ghafla mkono unabaki juu na jiwe lake anarudia sentensi ileile mpaka isikike kama mtu kweli kaisema. Usiku watoto wakilala ndio anaichapa kwenye simu. Wengine wanasema ana mashetani. Mie nasema pale ndipo kazi yenyewe inapofanyika, usiku ni kunakili tu.

Na kuna kitu nimekiona kwake kimenifanya niwaelewe waandishi wengi. Mtu anayebangua korosho hatumwi dukani wala hapewi mtoto ambebe, maana mikono michafu. Yaani kapata chumba chake katikati ya uwanja.

Sasa chukua mwandishi Maya Angelou wa Marekani. Alikuwa anakodi chumba cha hoteli kwenye mji huohuo anaoishi, picha za ukutani anataka ziondolewe, anajilaza kitandani anaandika, pembeni ana Biblia, kamusi, karata na chupa ya mvinyo wa sherry. Ukisikia haraka haraka utasema mbwembwe za wenye hela, ila angalia vizuri, mle ndani hamna wa kumuuliza chumvi iko wapi. Hoteli na korosho zimefanya kazi moja.

Ndio maana siamini kabisa kwamba hizi tabia za waandishi ni vituko. Nyingi zilianza na shida. Toni Morrison, naye wa Marekani, alikuwa analea watoto wawili peke yake na kazini ni mhariri, akawa anaamka kabla hakujapambazuka, anatengeneza kahawa, anakunywa huku anaangalia mwanga unavyoingia, hapo ndio anaanza. Anthony Trollope wa Uingereza karne ya 19 alikuwa mtu wa posta, basi alfajiri kabla ya kwenda ofisini anaweka saa mezani na kudai kutoka kwake mwenyewe maneno 250 kila robo saa. Na Ngũgĩ wa Thiong'o mwaka 1978 yuko kizuizini gereza la Kamiti, Kenya, karatasi hana, akaandika riwaya nzima ya Kigikuyu kwenye karatasi za chooni. Hivi hapo utamwambia mtu ana tabia ya ajabu?

Kwa hiyo vijana wetu wanaosikia Balzac, mwandishi wa Ufaransa, alikuwa anakunywa kahawa kupita kiasi na wao wakakesha na kahawa, mie naona wamechukua dawa ya ugonjwa wa mtu mwingine. Jiulize kwanza wewe kinachokuzuia ni nini. Kama ni kelele tafuta pa kwenda, mie nikikwama natembea ufukweni Shangani narekodi sauti kwenye simu, kama ni muda iba alfajiri, kama ni kuchoka basi lala jamani, hakuna ushujaa kwenye kusinzia juu ya simu.

Tabia moja tu ndio ningemwomba kila mtu aijaribu, ya Hemingway, mwandishi wa Marekani, kuacha kuandika siku hiyo wakati bado unajua kinachofuata. Ukikomba sufuria lote leo kesho unaamka huna pa kuanzia, na nahisi simulizi nyingi za mitandaoni zinazokatikia sehemu ya 6 zisionekane tena zinafia hapohapo.

Nyie mnaoishi na hawa watu, mama zetu, waume, wake, hasa msimu wa korosho hela ikiingia na spika zikiwashwa kila kona, mkimkuta mwenzenu saa 10 alfajiri kakaa na tochi ya simu anacheka na ukuta, msimuulize anaumwa nini. Punguzeni TV, mfungieni mlango, na wageni wakija wapokeeni nyie.