Nani Kamsomesha Huyu Binti?

Jumamosi iliyopita nilikuwa Pasua, hapa Moshi, kwenye sherehe ya binti aliyemaliza kidato cha nne. Turubai, viti vya kukodi, ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, imesimamishwa mezani na majani mdomoni. Baba akapewa kipaza sauti. Akamshukuru Mungu, akawashukuru wageni waliotoka Kibosho na Arusha, kisha akasema: "Huyu binti nimemsomesha mimi, kwa jasho langu, peke yangu." Tukapiga makofi. Na mimi nilipiga, na tangu siku hiyo najilaumu.

Mke wake hakusikia. Alikuwa nyuma ya nyumba na upawa mkononi, anapakua mtori.

Mama huyu namfahamu. Anauza mitumba soko la Memorial, na amenikubalia niandike haya mradi nisimtaje jina. Mwaka juzi alichukua mkopo wa kausha damu, ule wa riba kubwa, kwa sababu ndani ya wiki moja binti alihitaji viatu, sweta na hela ya mtihani wa majaribio. Aliulipa kwa miezi minne. Kuna siku alifungua belo, akauza mpaka jioni, hela yote ikaishia kwa wale wakopeshaji na yeye akarudi nyumbani kwa miguu. Baba mtoto hakujua, maana aliogopa kuambiwa hana mpango na hela.

Sasa niulize swali ambalo pale turubaini sikulisema. Binti amesoma shule ya kata, ya serikali. Ni ada ipi hiyo aliyolipiwa? Ada ya shule za msingi za serikali iliondoka mwanzoni mwa miaka ya 2000. Ya sekondari, kidato cha kwanza mpaka cha nne, ilifutwa kwa Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015, utekelezaji ukaanza Januari 2016. Ilikuwa Sh 20,000 kwa mwaka kwa wa kutwa na Sh 70,000 kwa wa bweni. Mwaka 2022 wakafutiwa na kidato cha tano na sita. Kwa hiyo katika nyumba zetu nyingi hapa Moshi, lile jambo moja ambalo baba alizoea kulibeba na kulitaja limeshaondolewa. Kilichobaki ni uji, nauli, daftari lililojaa, kalamu iliyopotea, soksi, mahindi na maharage ya chakula cha shule, sweta ya Juni na Julai ambapo baridi ya huku haina huruma. Na vyote hivyo mtoto haendi kumwomba baba. Anakuja jikoni saa kumi na mbili asubuhi, begi mgongoni, anasema, "Mama, hela ya shule."

Januari nilianza kuandika kila shilingi inayotoka mkononi mwangu kwa ajili ya watoto wangu wawili. Mkubwa yuko kidato cha pili: nauli 200 kwenda, 200 kurudi, na 600 ya kula. Mdogo, darasa la tano, 500. Jumla Sh 1,500 kwa siku, hela ambayo mtu huiacha mezani bila kuifikiria. Lakini mwaka wa masomo una siku 194. Zidisha. Ni Sh 291,000, na hapo hujanunua hata kifutio. Kwa yule mkubwa peke yake ni Sh 194,000, karibu mara kumi ya ile ada ya kutwa iliyofutwa. Nilirudia hesabu mara tatu kwa simu nikidhani nimekosea.

Ada ilikuwa na risiti yenye mhuri, baba aliitunza kwenye bahasha ya kaki pamoja na hati ya kiwanja. Hela ya uji haina risiti. Mahali pekee ilipoandikwa ni kwenye daftari la madeni la Mangi, mwenye duka, na pale imeandikwa kama deni la mama. Ndiyo maana mtoto anakua akijua baba ndiye aliyemsomesha na mama ndiye anayekopa.

Sheria yenyewe haifikiri hivyo. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 114, inaitaka mahakama inapogawa mali itazame mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi. Na mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Imepita miaka zaidi ya arobaini. Inauma kwamba mwanamke aende mpaka kwa jaji ndipo kazi yake ihesabiwe.

Na pedi? Kodi ya VAT iliondolewa 2018, ikarudishwa 2019. Mwenye binti nyumbani anajua ni nani anayezinunua.

Nakubali, wapo akina baba wanaolipa mamilioni kwenye shule za binafsi, na kodi ya nyumba, na luku, na nondo za nyumba isiyoisha. Mzigo huo ni mzito na siudharau. Nakubali pia, ingawa sipendi, kwamba wapo wanawake wenzangu wanaoficha hela ya kikoba na kusema ya baba ni yetu, yangu ni yangu. Hao nao wanaumiza nyumba. Ila hawajawahi kushika kipaza sauti wakasema "peke yangu".

Mwezi wa sita nilimpa mume wangu lile daftari. Alisoma kimya mpaka taa za jirani zikazimwa. Akaniuliza, "Mama, sweta mbili kwa mwaka mmoja?" Nikamjibu, "Mtoto anakua, baba." Akafunga daftari, asubuhi akaligongomea msumari pembeni ya mita ya luku. Sasa tunaandika wote. Wiki iliyopita nilikuta mwandiko wake: uji 500, nauli 400, penseli 200. Nilisimama pale nikausoma mara mbili.

Kesho napita Memorial. Nimemnunulia yule mama kaunta buku. Mistari ya kwanza nimeshaandika mimi: mtori wa Jumamosi, ndizi, nyama, mkaa, maji ya ndoo. Bei atajaza mwenyewe.