Jini Akitoa Upanga, Makaa Katoa Nani?

Vijana wa baraza yetu hapa Mkunazini wanatunga riwaya ya visiwa visivyokuwako, vyenye falme na majini, na wamegawanyika kwa jambo moja: upanga wa kwanza ulitoka wapi. Walio wengi wanataka ushuke mbinguni, au jini autoe baharini. Wachache wanamtaka mhunzi, nao wanaambiwa ati mhunzi anaua ajabu.

Walio wengi hawana hoja mbovu. Chuma cha mbinguni kipo: jambia alilozikwa nalo Tutankhamun, mfalme wa Misri, lilithibitishwa mwaka 2016 kuwa la chuma cha kimondo. Na Sura ya Al-Hadid inasema chuma kimeteremshwa. Hapo mtunzi ana pa kusimama.

Ila asiishie hapo. Nabii Daud alilainishiwa chuma kwa muujiza, na bado katika Sura ya Sabaa aliamrishwa atengeneze deraya, mavazi ya vita ya chuma, na apime sawa katika kuziunga pete zake. Muujiza haukumwondolea kazi.

Na kazi yenyewe ndiyo wasiyoitazama. Tanuri la udongo la mhunzi wa zamani hufika nyuzi 1,200 hivi, na chuma huyeyuka kwenye 1,538. Kwa hiyo hakitiririki kama kwenye sinema. Hutoka donge lenye matundu, limejaa mavi ya chuma, na mhunzi hulirudisha motoni na kulifua, tena na tena, mpaka takataka ziruke. Kila kurudi motoni ni makaa, na makaa ni miti: tanuu ya kienyeji hula kilo 5 za kuni, au zaidi, kutoa kilo 1 ya makaa. Sasa wape askari elfu panga zao kwenye kisiwa mfano wa Pemba. Mikoko kaikata nani? Pwani ikishabaki wazi, kaa watajificha wapi, na boriti za kuezekea zitatoka wapi? Mfalme atachagua baina ya jeshi na mapaa ya watu wake. Tena kisiwa cha matumbawe hakina mawe ya chuma ya kutosha. Yataletwa kutoka bara kwa jahazi, kwa msimu wa upepo, na mwenye bandari ndiye mwenye vita. Riwaya nzima hiyo, na jini hajaitwa bado.

Nakiri, mwandishi akitusomesha nyuzi joto ukurasa baada ya ukurasa tutalala. Lakini hilo la kuua ajabu silikubali. Mabaharia wa zamani walisimulia mlima wa sumaku ung'oao misumari ya vyombo baharini, na mitepe yetu, vyombo vya kale, ilishonwa kwa kamba za makumbi, bila msumari hata mmoja wa kung'olewa. Asiyejua msumari ni nini angeubuni vipi mlima ule?

Jini basi abaki, akipenda mtunzi, lakini aje kwa mhunzi kama mteja, apange foleni.

Hata Fumo Liyongo, ambaye hakuna silaha iliyomuweza ila sindano ya shaba kitovuni, alipofungwa gerezani hakuteremshiwa upanga. Mama yake alimpelekea tupa, ndani ya mkate wa wishwa.