Mlima wa msitu hupangwa kuanzia jioni

Watu wakikaa kupanga kupanda kilele cha mlima wenye msitu, mazungumzo huanzia kwenye viatu. Kisha begi, kisha koti, kisha nani ana simu inayopiga picha nzuri. Uliza mtageuka saa ngapi, utapata kimya, au jibu la mkato: "Tukifika juu tutashuka." Kwangu mimi hilo ndilo swali la kwanza, na mpango usiolijibu ni orodha ya manunuzi tu.

Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Anayebeba hema akichelewa hulala alipo. Anayekwenda na kurudi siku hiyohiyo hakubeba pa kulala, kwa hiyo giza ndilo linalomwamulia. Ndiyo maana mimi huanza kupanga kutoka jioni, nikirudi nyuma kuelekea asubuhi, na saa ya kuanza kutembea huwa kitu cha mwisho kujulikana.

Tuchukue mfano. Njia ni kilomita 8 hadi kileleni na 8 za kurudi, na kutoka chini hadi juu unapanda mita 1,200. Jua linazama saa 12:30 jioni. Mwaka 1892 mpanda milima mmoja wa Scotland, William Naismith, alitoa kanuni ambayo watu wanaitumia mpaka leo. Kwa vipimo vya mita, huhesabiwa saa moja kwa kila kilomita 5, kisha unaongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa hesabu hiyo, kufika juu ni saa 3 na dakika 36. Inavutia! Lakini kanuni hiyo haina hata dakika moja ya kupumzika, ya kukaza kamba za viatu au ya kumsubiri mwenzako aliyebaki nyuma, na inamfikiria mtu mwenye nguvu kwenye njia nzuri. Msituni kuna mizizi, tope, na magogo yaliyoanguka njiani ambayo ama unayapanda ama unapita chini yake kwa magoti. Hapo mimi hushusha mwendo hadi kilomita 3 kwa saa, na ile saa ya kila mita 600 naiacha kama ilivyo. Kupanda sasa kunakuwa saa 4 na dakika 40. Ongeza saa nzima ya mapumziko, unapata saa 5 na dakika 40.

Kushuka je? Wengi huchukua muda wa kupanda wakaukata katikati. Sikubaliani nao. Kwenye njia ya kawaida, sawa, lakini kwenye mteremko mkali wenye majani yaliyolowa kila hatua unaipima kwanza. Isitoshe, unaposhuka misuli ya mbele ya paja hufanya kazi ya kukuzuia huku inavutwa, na kazi hiyo huiumiza kuliko kupanda. Ndiyo inayomfanya mtu ashindwe kukaa kitini siku mbili baadaye. Aliyejizoeza kwa kupanda ngazi kisha akashuka kwa lifti amejizoeza nusu ya safari. Kwa hiyo kushuka nakupa saa 3 na dakika 20, bila kuona haya.

Chini ya miti giza haliisubiri saa 12:30. Matawi hukata mwanga mapema, na kama uko karibu na ikweta, jua likishazama unabaki na dakika 20 hivi za kuona ulimwengu. Nataka basi tuwe nje ya msitu saa 11:00 jioni. Ukitoa saa 3 na dakika 20 unafika saa 7:40 mchana. Naandika saa 7:30. Ukitoa tena saa 5 na dakika 40, unaona kwamba aliyeanza kutembea saa 1:50 asubuhi hana akiba yoyote. Tuanze saa 1:00. Anayeona ni mapema mno asibishane na mimi, abishane na jua.

Hiyo saa 7:30 ndiyo moyo wa mpango wote. Saa 7:30, popote tulipo, tunageuka. Hata kama kilele kinaonekana kiko hapo tu? Hata hivyo. Hapa ndipo ninapogombana na watu, kwa sababu kugeuka karibu na kilele kunaonekana kama woga. Lakini kwenye mlima wa msitu hilo neno "karibu" halina ushahidi. Mlima ulio wazi hukuonyesha ulichobakiza. Huku unaona tu mwanga ukiongezeka kati ya mashina, unaamini umefika, unatokea kwenye kijilima, na mbele yako kuna bonde dogo na mwinuko mwingine. Vilele vya uongo namna hiyo vinaweza kufuatana viwili vitatu. Aliyechoka hukadiria kwa hamu yake, hakadirii kwa macho, na kundi la watu waliochoka huambukizana hamu hiyo. Uamuzi ufanywe nyumbani, watu wakiwa wamekaa, wameshiba, hawana cha kuthibitisha.

Kuna jambo jingine kuhusu kushuka ambalo ramani inalionyesha wazi lakini wachache huliangalia. Migongo ya mlima hukutana kileleni. Ukipanda, hata ukikosea kidogo, mgongo unakubeba kuelekea juu, na juu ni mahali pamoja tu. Ukishuka mambo yanageuka: kutoka kileleni migongo inatawanyika kila upande, na ukichagua usio wako, mwanzoni mwendo wa dakika chache tu unakutenganisha na njia yako. Baada ya saa moja kuna bonde zima katikati. Kwenye ukungu, ndani ya miti, migongo yote inafanana. Kwa hiyo kabla ya kuondoka juu, simama, toa dira, hakikisha uelekeo. Na wakati wa kupanda, kila penye njia panda geuka nyuma utazame panavyoonekana kwa anayeshuka. Njia mbili zinazoungana wakati wa kupanda huwezi hata kuziona. Wakati wa kushuka zinakuuliza swali. Usidanganyike pia na ushauri wa kufuata mto ukipotea. Mto hauhitaji njia. Unapita kwenye maporomoko na magenge ambayo wewe huwezi kupita, na sauti ya maji inaficha sauti za wanaokuita. Rudi ulikotoka, mpaka mahali pa mwisho ulipokuwa na hakika napo.

Simu? Ibebe, lakini usiipe cheo cha kiongozi. Pakua ramani kabla ya kuondoka, maana GPS hufanya kazi bila mtandao wa simu, ila ramani isiyopakuliwa itakuonyesha nukta kwenye ukurasa mtupu. Miti minene na mabonde yanaweza kuihamisha hiyo nukta mita kadhaa, na kwenye mgongo mwembamba mita kadhaa si mchezo. Iweke katika hali ya ndegeni; simu inayotafuta mtandao usiokuwepo inamaliza chaji haraka, na baridi huidhoofisha betri zaidi. Ramani ya karatasi ibaki begini. Kumbuka tu kwamba mistari yake ya mwinuko ikiwa ya kila mita 20, genge la mita 15 linaweza kujificha kabisa kati ya mistari miwili.

Hali ya hewa inaniunga mkono kuhusu kuanza mapema. Jua hupasha miteremko, hewa hupanda, na ikiwa na unyevu wa kutosha hufanya mawingu, ndiyo maana milima mingi huamka ikiwa wazi na kufunikwa na mawingu alasiri. Joto hupungua wastani wa nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000, hivyo juu ya mfano wetu kuna baridi ya karibu nyuzi 8 zaidi ya chini. Mtu aliyelowa jasho, amevaa pamba, akasimama kwenye upepo, anaweza kupoteza joto la mwili hadi hatarini hata pasipo na barafu. Na msitu huendelea kukunyeshea hata mvua ikikatika. Ukisikia radi, hesabu sekunde tangu mwanga uonekane: kila sekunde 3 ni kama kilomita moja. Zikiwa chini ya 30, achana na kilele na migongo iliyo wazi, shuka, wala usijikinge chini ya mti uliosimama peke yake.

Vya kubeba sitavipigia debe. Maji nusu lita kwa kila saa ya kutembea, na zaidi kukiwa na joto. Kwa mfano wetu ni lita 4, yaani kilo 4 mgongoni asubuhi, kwa hiyo jua mapema kama kuna chemchemi njiani na utayasafishaje hayo maji. Koti la mvua, nguo kavu ndani ya mfuko usioingiza maji, chakula cha ziada, vifaa vya huduma ya kwanza. Tochi ya kichwani kwa kila mtu, si moja kwa kundi, hata kama mpango unasema hamtaihitaji. Filimbi pia, ya kuomba msaada: mipulizo 6 ndani ya dakika moja, nyamaza dakika moja, rudia. Filimbi haikauki koo.

Mwendo wa kundi ni mwendo wa aliye nyuma kabisa, na hesabu zote za juu zifanywe kwa miguu yake. Kama kwa mwendo huo kilele hakifikiki kabla ya saa 7:30, chagueni mlima mwingine. Kumwacha akae njiani "tutakukuta tukirudi" ni mpango mbaya kuliko yote. Mmoja anapoa peke yake, na wengine wamejifunga kurudi kwa njia ileile hata ikiharibika.

Mwisho, mtu asiyekwenda apewe karatasi: njia ipi, mnaanzia wapi, mko wangapi, mmevaa rangi gani, mnageuka saa ngapi, na saa ngapi akiwa hajasikia lolote atafute msaada. Kwa mfano wetu ningeandika saa 2:00 usiku, akianza na walinzi wa msitu au polisi. Mkishatoka chini ya miti, mpigieni kabla ya jambo jingine lolote, la sivyo watu watakuwa wanapanda kuwatafuta wakati nyinyi mmeshalala kwenye gari.