Kaunti Imepewa Mfereji, Chemchemi Haikupewa

Mfereji wa uani kwetu una tabia zake. Ukiufungua saa nane za usiku hukoroma kwanza, ukatema upepo, ukatoa ndoo mbili za maji ya kutu, kisha ukiwa na bahati ndiyo yaja maji yenyewe. Mwenye nyumba, bibi wa miaka sabini na kitu, hulala sikio liko uani. Sisi wenye usingizi mzito hungoja asubuhi kijana wa mkokoteni na mitungi yake ya lita 20.

Mfereji ukikauka, barazani hutukanwa gavana. Nami nimemtukana sana. Siku hizi natukana kwa mpango.

Mombasa haina chanzo chake cha maji baridi cha kutegemea. Chimba kisima kisiwani upate maji ya chumvi, sabuni haitoi povu, na shimo la choo cha jirani li hatua chache tu. Maji tunayokunywa ni ya kwa watu. Chemchemi ya Mzima iko Taita Taveta, ndani ya mbuga ya Tsavo Magharibi, na bomba lake lililazwa tangu enzi za mkoloni. Visima vya Baricho viko Kilifi, kando ya mto Sabaki. Marere na Tiwi ziko Kwale.

Katiba ya 2010 ikazipa kaunti kazi ya huduma za maji, na magavana wakaingia ofisini 2013. Ikaja Sheria ya Maji ya 2016 kusema rasilimali za maji zimo mikononi mwa serikali ya kitaifa kwa niaba ya wananchi. Visima vikuu na mabomba makubwa yakabaki kwa shirika la kitaifa, linaloziuzia kampuni za kaunti maji kwa jumla, nazo zikatuuzia sisi rejareja. Kaunti basi ni duka. Mzigo hauna hakika utaletwa lini, na hata bei ya kuuzia sharti ipitishwe na Wasreb, mdhibiti wa kitaifa wa huduma za maji, kule Nairobi.

Deni huzaliwa hapo. Maji ya Baricho husukumwa kwa pampu za stima. Kampuni za kaunti zisipolipa, shirika nalo halina la kulipia stima. Stima ikikatwa, kuanzia Malindi hadi Kisauni ni foleni za mitungi. Imetokea zaidi ya mara moja.

Na mbona kaunti hazilipi? Hapa sizitetei. Ripoti za Wasreb zimeonyesha mwaka baada ya mwaka kuwa nchini zaidi ya asilimia 40 ya maji hayarudishi pesa: yamevuja, yameibwa, au mita ni mbovu. Mtaani kwetu aliyejiunganishia tunamjua, na fundi wake twaswali naye safu moja. Bomba lililooza chini ya lami nalo halina mwanasiasa wa kupiga picha nalo. Kisima kipya kina tangi, na tangi lina mahali pa kuandika jina.

Tusijisahau na sisi. Mtu wa Taita hulitazama bomba la Mzima likipita kuja kwetu, mtungi wake mtupu. Akidai fungu lake twanuna. Ningekuwa yeye ningefanya fujo zaidi.

Ibara ya 189 ya Katiba inaruhusu serikali ya kitaifa na za kaunti kuunda mamlaka ya pamoja. Basi na iundwe moja ya Pwani, ikabidhiwe Mzima na Baricho, wenye chemchemi wapate fungu lao kwanza, na deni la zamani limalizwe siku hiyohiyo. Hilo la deni likiachwa, tutakuwa tumebadilisha kibao cha mlangoni tu.

Jana mtungi ulipanda shilingi tano. Nikamuuliza kijana wa mkokoteni sababu.

"Ami, hata mimi nanunua."